Kuijua Foleni Kabla Haijakukuta: Kipi cha Kulipia, Kipi cha Kuacha

Habari ya foleni, yenyewe, karibu kila mahali ni ya bure. Wanaokuomba hela wanakuuzia vitu vinavyoizunguka: bando, kifaa, kazi ya fundi, au huduma ya ujumbe mfupi inayokula salio kila asubuhi bila kupiga hodi. Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia tano, jiulize unalipia habari au unalipia njia ya kuipokea. Makala hii inamhusu zaidi mkazi wa Dar es Salaam, mwenye gari na asiye nalo, ingawa wa Nairobi naye ana jambo lake humu.

Anza na kile ulicho nacho tayari. Simu janja yoyote inayofanya kazi ina ramani yenye rangi: kijani, barabara ni nyeupe, yaani haina foleni; nyekundu, jipange. Rangi hizo hazitoki kwenye kamera wala kwa askari. Zinatokana na simu za watu walioko barabarani wakati huo. Simu nyingi zikitambaa pamoja, kipande hicho kinageuka chekundu. Ndiyo maana Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi ramani haikosei sana, maana simu ziko tele. Njia ya ndani kule Goba usiku wa manane ni habari nyingine: inaweza kuonekana shwari kwa sababu tu hakuna aliyepita kuijaribu.

Watu wengi huzima ramani wakiogopa bando. Hesabu yake ni hii. Ramani inayokuongoza njia hutumia MB chache kwa saa, kwa kuwa inavuta michoro na rangi, haivuti video. Tukadirie kwa ukarimu MB 10 kwa saa nzima. Mwaka 2021 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliweka mipaka ya bei za bando: kuanzia shilingi 2.03 hadi shilingi 9.35 kwa MB moja. Kwa bei ya juu kabisa ya mipaka hiyo, saa nzima ya ramani ni kama shilingi 94. Kwa bei ya chini ni shilingi 20. Pipi ni ghali kuliko hapo.

Bando linaliwa na mambo mengine. Mwonekano wa satelaiti, ule unaoonyesha mapaa ya nyumba, unavuta picha nzito. Uzime, haukusaidii kitu barabarani. Programu nyingine zinazojisasisha zenyewe mara tu ukiwasha data nazo zinakula. Halafu kuna lile la bando kuisha katikati ya safari na mtandao kuhamia kwenye salio la kawaida, ambako MB moja ni ghali zaidi. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako uangalie kama umeruhusu kutozwa nje ya bando. Kama umeruhusu, ondoa leo hii.

Pakua pia ramani ya jiji ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu mwingine. Zipo programu za bure zinazotumia ramani huria, na kwa Dar ramani hizo zina vichochoro vingi kuliko unavyodhani: Tandale ilichorwa na vijana wake mwaka 2011, na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ukaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata zilizokuwa zikifurika. Ila ujue mpaka wake. Ramani iliyopakuliwa inakuonyesha njia. Foleni haikuonyeshi mpaka uwashe data.

Sasa kasoro ya rangi. Nyekundu haikwambii sababu, na sababu ndiyo inayoamua usubiri au ugeuze. Foleni ya taa mbovu, foleni ya lori lililolala pale Kimara, na foleni ya msafara wa kiongozi zote zinaonekana sawa kwenye kioo. Msafara ukishapita barabara inafunguka yenyewe, kwa hiyo kukimbilia njia ya mkato ni kupoteza mafuta. Lori lililolala linaweza kukuweka mpaka jua lizame. Na pale trafiki anapoongoza kwa mikono, upande mmoja unaweza kushikiliwa muda mrefu, kisha ukaachiwa wote kwa mkupuo; programu inayokadiria dakika za kufika haijui askari anawaza nini.

Kwa sababu hiyo, chanzo cha pili kiwe watu. Kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa au la madereva wa njia yako halina ada na mara nyingi lina jibu la kwa nini. Kinachogharimu ni video. Kipande cha MB 10 cha magari yamesimama Mwenge, kilichopigwa na mtu mwenye mkono unaotetemeka, kinakula sawa na saa nzima ya ramani, na hakikuambii chochote ambacho maneno manne yasingekuambia. Zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video. Halafu angalia saa ya ujumbe kabla hujauamini: habari ya foleni ya saa kumi na mbili ikisambazwa tena saa mbili na nusu ni uvumi tu.

Redio ya FM ni bure kabisa, na vipindi vya asubuhi hupokea simu za wasikilizaji walioko njiani. Udhaifu wake ni kwamba huiulizi ikakujibu papo hapo; unasubiri zamu ya barabara yako itajwe. Lakini usiisikilize kwa intaneti. Matangazo ya mtandaoni ya kilobiti 128 kwa sekunde yanakula karibu MB 58 kwa saa, ambazo kwa ile bei ya juu ni zaidi ya shilingi 500. Tumia redio ya gari, au redio ya FM iliyo ndani ya simu kama ipo. Waya wa spika za masikioni ndio antena yake.

Hapa mwenye gari lililotoka Japani ana shida mbili anazofichwa na muuzaji.

Ya kwanza ni masafa. Redio za magari mengi ya Kijapani zimetengenezwa kwa masafa yanayoanzia megahezi 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni zote za juu ya hapo hazisikiki. Dawa yake ni kibadilisha masafa, kijidude kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena. Hakina bei kubwa na kinatosha. Fundi atakayekushauri ung'oe redio nzima uweke yenye skrini, mwambie kwanza afunge hicho usikie.

Ya pili ni ile skrini ya ramani iliyokuja na gari. Muuzaji anaihesabu kama kitu cha thamani: "Gari lina navi, bosi." Navi hiyo ina ramani ya Japani, inazungumza Kijapani, na ile alama ya VICS unayoiona pembeni ni ya mfumo wa Kijapani ulioanza 1996, unaopokea habari za foleni kutoka mitambo iliyoko kandokando ya barabara za huko na kwenye mawimbi ya redio za huko. Kibaha haina mtambo hata mmoja wa VICS. Usiongeze hata senti kwenye bei ya gari kwa ajili yake. Mtu akidai atakuingizia ramani ya Tanzania kwa malipo, muulize kama itaonyesha foleni ya sasa hivi. Atajiumauma.

Kifaa cha ramani kinachouzwa peke yake, cha kubandika kwenye kioo cha mbele, nacho nakishauri kwa watu wachache mno: wanaoendesha mbugani au njia ndefu zisizo na mtandao, na ambao hawataki kuumiza simu yao. Kwa mjini, bei yake inafika kwenye bei ya simu janja ya kawaida, ramani zake zinahitaji kusasishwa, na vingi havina foleni ya papo hapo mpaka uviunganishe na simu. Kama simu inahitajika hata hivyo, kifaa cha nini?

Hela iende hapa: kishikio cha simu na chaja ya gari. Faini ya papo kwa papo barabarani imezoeleka kuwa shilingi 30,000 kwa kosa, na simu mkononi huku gari linatembea ni njia rahisi ya kuitafuta, achilia mbali kumgonga mtu. Kishikio cha kawaida pale Kariakoo hakifiki bei ya faini moja. Chagua cha kubana, chenye mkono mfupi. Vya sumaku vinapendeza dukani lakini simu nzito huruka kwenye tuta la kwanza. Vile vya kunyonya kioo huachia jua la mchana likikaza. Kama ni hicho tu kilichopo, kibandike kwenye dashibodi kwa kile kibao chake cha gundi.

Kwenye chaja, soma maandishi madogo. Ya ampea moja haitoshi, kwa kuwa simu yenye kioo kilichowaka, GPS na data inatumia umeme karibu sawa na unaoingia, na utafika mjini ikiwa na asilimia pungufu kuliko ulivyoondoka huku umeichaji njia nzima. Tafuta ya ampea mbili au zaidi. Asiye na gari anahitaji pawabenki, na huko ndiko kwenye uongo mwingi: yenye mAh 10,000 za kweli ina uzito wa gramu mia mbili hivi. Ukiiinua ikawa nyepesi kama kiberiti na imeandikwa 30,000, irudishe mezani.

Twende kwa abiria wa daladala. Hapa niseme wazi: hakuna programu ya kuaminika itakayokuonyesha kwamba daladala ya Gongo la Mboto iko umbali wa vituo viwili. Ukikuta ramani ina mistari ya njia za usafiri wa umma, hiyo ni habari ya wapi magari hupita, si ya wapi yalipo. Nairobi walitangulia katika hili: mradi wa Digital Matatus, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishiriki na wenzao wa Marekani, ulitoa ramani ya njia za matatu mwaka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo zikaingia kwenye Google Maps. Kazi kubwa, na mgeni wa mji anaihitaji. Lakini hata hiyo haikumwambia mtu wa Rongai kama matatu yake imekwama.

Kwa hiyo abiria asilipie programu yoyote inayoahidi hivyo mpaka aione ikifanya kazi kwenye kituo chake, saa yake ya kwenda kazini. Atumie ile ile ramani ya madereva, ila aisome kinyume. Dereva anatazama mbele ya gari lake. Abiria atazame mwisho wa ruti.

Sababu ni nauli. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600. Mwisho wa ruti ukiwa mwekundu jioni, konda anaanza kupiga hesabu zake, na mara unasikia "mwisho hapa, shukeni!" katikati ya safari. Kukatisha ruti ni kosa, kila mtu anajua, na kila mtu ameshashushwa. Unapanda gari jingine, unalipa 600 nyingine. Ukiona wekundu mwisho wa njia kabla hujapanda, una hiari: subiri, panda gari linaloishia karibu ukijua unalipia nini, au pita njia nyingine. Na ukishapanda linalodai linafika, mwulize konda kwa sauti, abiria wenzio wasikie, "linafika mwisho?" kabla hujatoa nauli. Inapunguza ujanja.

Mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka, ina barabara yake, hivyo rangi za ramani kwenye Barabara ya Morogoro hazikuhusu sana ukiwa ndani yake. Foleni yako wewe iko kituoni, kwenye mstari wa watu, na hiyo hakuna ramani inayoionyesha. Kitu kimoja tu kinakutaka uchunguze kabla ya kutoka nyumbani: mvua na Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa, barabara hufungwa na huduma husimama kati ya Magomeni na mjini. Siku ya mvua kubwa, ulizia kwanza kama Jangwani panapitika, kwa mtu aliyeko upande wa pili. Ukisikia pamefungwa, wa Kimara apite Barabara ya Mandela mpaka Buguruni kisha ashike ya Uhuru, au ageukie Kinondoni atokee Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Nauli mbili zitamtoka, lakini hatalipa ya tatu ya kurudi nyumbani bila kufika.

Angalizo kwa abiria wa dirishani: simu unayoichungulia pale Buguruni au Tandika huku kioo kiko wazi si yako peke yako. Tazama foleni kabla ya kupanda, kisha simu mfukoni. Hakuna habari ya barabara yenye thamani ya simu.

Programu za kuitia teksi, bajaji au bodaboda zinaweza kutumika kama kipimo cha bure hata kama huendi nazo. Weka unakotoka na unakokwenda, tazama dakika na bei, kisha funga bila kuagiza. Bei ya bajaji ikiwa imepanda ghafla kuliko uliyozoea, ama kuna foleni ama kuna mvua ama wateja ni wengi. Vyovyote vile umepata onyo. Ukiagiza kweli, kumbuka kwamba bei uliyoonyeshwa mara nyingi ni makadirio. Muda wa kusimama kwenye foleni unaweza kuingia kwenye hesabu ya mwisho, na hapo bodaboda inayopenya inakuwa nafuu mara mbili: bei ndogo na dakika chache. Kofia iwe na mkanda unaofunga, la sivyo mwache dereva aende.

Mwenye gari naye asiamini kila njia ya mkato. Programu inahesabu dakika, haihesabu shokapu. Kukata kwa ndani ili kuikwepa foleni ya barabara kuu kunaweza kukuokolea robo saa kiangazi, na masika njia ile ile ikakupeleka kwenye dimbwi ambalo kina chake anakijua fundi wako tu. Kipimo changu ni hiki: kama akiba iliyoonyeshwa haifiki dakika kumi, baki kwenye lami. Mafuta ya kusimama ni nafuu kuliko bushi mpya.

Kuna na barabara za kulipia. Ramani inaweza kukupitisha daraja la Kigamboni kwa kuwa ndiyo njia fupi, bila kukuuliza kama una hela ya tozo mkononi. Kwenye mipangilio yake kuna kitufe cha kuepuka njia za kulipia. Kiwashe, kisha ukizime siku unapoamua mwenyewe. Kwa anayetembea kwa miguu, kivuko cha Magogoni, kinachokwenda huko huko Kigamboni, ni shilingi 200, na foleni yake unaiona kwa macho ukifika pale.

Wa Nairobi ana uamuzi mgumu zaidi. Barabara ya juu ya kulipia, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, inatoza gari dogo kati ya shilingi 170 na 500 za Kenya kulingana na unakoingia na unakotokea, baada ya tozo kupanda Januari 2024. Ukishaingia juu hutoki mpaka kituo kinachofuata. Basi linganisha dakika za juu na za chini kabla ya lango, gari likiwa limesimama, wala si ukiwa kwenye mteremko wa kuingilia. Mia tano kwenda na mia tano kurudi, siku tano za wiki, ni 5,000. Ukilipa kila siku kwa mazoea tu, bila kutazama kama Mombasa Road chini yako ni nyeupe, unatupa hela. Na shule zikifungwa mara nyingi ni nyeupe.

Huduma za ujumbe mfupi zinazokuletea "habari za usafiri" kwa makato madogo ya kila siku, ziache. Shilingi mia moja kwa siku ni elfu tatu kwa mwezi, na ujumbe unafika foleni imeshageuka. Wengi walijiunga bila kujua, kwa kubonyeza namba fulani. Fungua menyu ya mtandao wako, tafuta orodha ya huduma ulizojiunga, ufute usizozitaka.

Safari ya mkoani inataka maandalizi tofauti. Treni ya SGR inayokwenda Morogoro na Dodoma tangu 2024 ina ratiba, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa Morogoro na 31,000 kwa Dodoma. Kilichobaki ni kufika stesheni mapema. Foleni inayokuhusu ni ya kutoka kwako hadi hapo. Basi ni jambo jingine. Mabasi ya mikoani yamefungwa VTS, kifaa cha kufuatilia magari kinachopeleka habari za mwendo wa basi kwa LATRA, lakini ndugu anayekusubiri Singida anasaidiwa zaidi na namba ya simu ya kondakta. Iombe ofisini unapokata tiketi pale Mbezi, iandike nyuma ya tiketi, umtumie na yeye.

Mwisho, mwenye daladala au bodaboda ya biashara anayetaka kuona chombo chake kilipo. Kifaa cha kufuatilia kina maana kwake, lakini bei ya kufungiwa ndiyo sehemu ndogo. Kuna laini ya simu iliyo ndani inayohitaji bando, kuna ada ya kuona ramani ambayo mara nyingi mwaka wa kwanza imejumuishwa kwenye bei, na kuna fundi wa kukirudisha kazini betri ya gari ikibadilishwa. Muulize anayekuuzia, kabla hajagusa waya: mwaka wa pili nitalipa nini, kwa nani, na nisipolipa kifaa kitabaki na kazi gani? Akijibu kwa maandishi, funga.